Kengele za Upande wa Kushoto

Simu ya kwanza ya Jumatatu iliita saa mbili kasorobo. Popo akauinua mkonga kama alivyouinua kwa miaka tisa: mkono wa kushoto, sikio la kushoto, vidole vya kulia vikiwa tayari juu ya vitufe.

"Hospitali, habari za asubuhi."

Hakujibiwa. Akarudia. Kimya. Laini mbovu huwa na mikwaruzo, na mtu anayetafuta maneno husikika akipumua. Hapa hapakuwa na chochote, kama vile mkonga umejazwa pamba. Akaikata. Simu ikaita tena papo hapo, na safari hii, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kikombe cha chai, akaipokea kwa wa kulia, sikio la kulia.

"...mmelala huko? Mara ya pili hii napiga! Nina mgonjwa kwenye gari!"

Mwanamume yule alikuwa akipiga kelele. Kabla ya kumwunganisha na wodi ya dharura, Popo aliuhamishia mkonga kushoto kwa sekunde moja tu. Sauti ikazimika. Akaurudisha kulia. Ipo. Akamwunganisha, akauweka mkonga mahali pake, kisha akasugua vidole karibu na sikio la kushoto. Akapiga makofi. Akakwaruza ukucha kwenye meza. Yote aliyasikia kwa mbali, upande wa kulia, kana kwamba meza imehamia kule.

Simu iliita mara sita mfululizo na hakuipokea.

Popo alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Macho yake yaliondoka na surua akiwa na sita, na tangu hapo masikio ndiyo yaliyomsomesha, yakamvusha barabara, yakampa kazi kwenye chumba kile kidogo cha simu. Jina la Popo alipewa shuleni, kwa kuwa alikimbia ukumbini bila kugonga ukuta. Watu walidhani ni utani. Yeye alilipenda.

Mtu mwenye macho akipoteza sikio moja, amepoteza sikio moja. Popo alikaa pale, viganja juu ya meza, akipiga hesabu ya vitu vyote vilivyokuwa upande wa kushoto wa maisha yake.

Kliniki ya masikio ilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni pake, kwenye ukanda uleule. Alizijua hatua hizo kwa idadi. Hakwenda. Alijiambia ni mafua, ni maji ya kuoga, litazibuka kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa kuulizwa lile swali alilokuwa ameshajiuliza mwenyewe: na la pili je?

Tena fainali ya mchezo wake ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

*

Mchezo wenyewe ni mpira wa kengele wa wasioona. Wachezaji ni watatu kila upande, na wote, hata wale wenye chembe ya kuona, hufungwa kitambaa cheusi machoni ili wawe sawa. Mpira ni mzito, una kengele ndani, na lazima uviringishwe chini, kwa nguvu, kutoka goli hadi goli. Goli lina upana wa uwanja mzima, mita tisa, na mistari yake ina uzi chini ya utepe ili mguu uihisi. Anayelinda hujitupa chini kwa ubavu na kujinyoosha kama mlango uliolazwa. Mashabiki hawaruhusiwi kupiga kelele mpira unapokuwa njiani. Mtu akikohoa tu, mwamuzi humgeukia.

Popo alicheza kati. Kati ndipo anapowekwa mwenye masikio, kwa kuwa ndiye anayewaambia wenzake mpira unatoka wapi. Kulia kwake alikuwa Mama Pacha, mwanamke mwenye mwili na mwenye maneno, aliyesuka vikapu sokoni na kurusha mpira kama anayetupa gunia. Kushoto alikuwa Kinanda, msichana mkandaji wa misuli, asiyeacha kuimba hata akifunga viatu. Kocha wao waliyemwita Mwalimu alikuwa mama mwenye miaka sitini, aliyestaafu kufundisha michezo shule ya msingi, na sauti yake ilikuwa bado ya kuita watoto wa madarasa saba kwa mpigo.

Mazoezi ya Jumanne, mpira wa tatu ulipita kushoto kwa Popo, mahali ambapo kwa kawaida angeuzuia hata akiwa amelala usingizi.

"Wewe!" Mwalimu aliita. "Umeota nini?"

"Sikulala vizuri, Mwalimu."

Mpira wa tano ukapita palepale. Wa tisa ukampiga Kinanda tumboni kwa kuwa Popo aliita "Kulia!" na mpira ulikuwa unakuja kushoto.

"Dada, mbona unatuzungusha?" Kinanda aliuliza akijishika tumbo. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuuma Popo zaidi.

Siku ya Jumatano alianza kuiba. Aligundua kwamba mpira ule mzito hutikisa mbao za sakafu, na akibana kiganja na nyonga chini anaweza kuuhisi nusu sekunde kabla haujafika. Nusu sekunde ni kidogo, lakini ilimwezesha kuzuia mipira mitatu kati ya mitano. Mwalimu akamsifu. Popo akatabasamu.

Siku hiyohiyo Mwalimu aliwatangazia habari nyingine. "Kesho anakuja kijana kutoka chuo. Mtafiti. Anataka kupima jinsi wachezaji wetu wanavyosikia mpira, nani anawahi, nani anachelewa. Mimi nimemkubalia, maana na mimi nataka kujua nani nimpange wapi."

"Atatupa nini?" Mama Pacha akauliza.

"Atakupa akili."

Watu wakacheka. Popo alicheka pia.

*

Mtafiti alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vinavyolia na tabia ya kueleza kila anachokifanya kabla ya kukifanya. "Shikamoo dada. Sasa nakufunga kifaa kidogo mkononi, kitatwambia mkono umeanza kwenda lini na upande gani. Mbele yako, mita kumi na mbili, nina mfereji wa mbao wenye milango mitano. Mpira utatoka kwenye mlango wowote. Wewe fanya kama uwanjani. Ni mipira arobaini. Ukichoka, sema."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Wenzake walisubiri nje, mmojammoja. Popo akapiga magoti, akabana kiganja sakafuni.

Mpira wa kwanza ulitoka kulia. Rahisi. Wa pili, katikati. Wa tatu hakuusikia ulipoanza, ila mbao zilitetemeka chini ya nyonga yake na akajitupa kushoto. Ukamgonga mapajani. Wa nne, wa tano, wa sita. Alikuwa akifanya kazi kama mtu anayesoma barua ya mwingine kwenye mwanga wa dirisha. Baada ya mipira ishirini alilowa, na alijua hakufanya vibaya.

"Vizuri sana," mtafiti alisema. "Sasa nusu ya pili. Nakuomba uinuke kidogo, nitandike godoro hapa."

"Godoro la nini?"

"La sponji. Kuna wachezaji wanaosikia kwa sakafu bila kujijua. Nataka kutenganisha sikio na mwili."

Alitaka kusema amechoka. Alikuwa ameambiwa akichoka aseme. Lakini nje alikuwepo Mama Pacha, ambaye asingeacha kuuliza, na Mwalimu, ambaye asingeuliza kabisa na angeelewa. Akapiga magoti juu ya sponji. Sakafu ikatoweka. Kiganja kilizama kwenye kitu laini kisicho na habari.

Mpira ukatoka. Kengele zikalia mahali fulani kulia, kama kila kitu kilivyolia kulia sasa. Akajitupa kulia. Nyuma yake, upande wa pili kabisa, alisikia mpira ukigonga ukuta.

Wa pili hivyohivyo. Wa tatu aliamua kubahatisha na akaenda kushoto, mpira ukapita kulia. Wa saba alikawia kabisa, akabaki amepiga magoti, mikono imeinuliwa, kama anayesali. Mpira wa ishirini ulipogonga ukuta, viatu vyake vililia vikimkaribia, vikasimama upande wake wa kulia. Popo aliona kwamba amechagua upande huo makusudi.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mipira minane ilitoka kushoto. Saba uliikimbia."

Popo akajifungua kitambaa cha macho, ingawa hakikumsaidia chochote. "Utamwambia Mwalimu?"

"Hapana. Majibu ni yako. Kwenye karatasi yangu wewe ni namba nne tu, na Mwalimu nitampa wastani wa timu nzima. Lakini wewe lazima nikwambie. Sikio likifa ghafla, lina siku chache za kuamshwa kwa dawa. Siku, dada, si miezi. Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Nenda leo."

"Nikienda," Popo alisema, "wakaniambia la pili linafuata?"

Kijana alimfungua kile kifaa mkononi. "Sijui," alisema. "Mimi nasomea mipira. Nenda kwa wanaosomea masikio."

Popo alitoka ukumbini akamwambia Mwalimu kipimo kilikuwa kirefu lakini si kibaya.

*

Mdogo wake alimsubiri nje ya geti la ukumbi, kama alivyofanya kila Alhamisi. Alikuwa fundi cherehani, walipanga pamoja vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na siku ile alikuwa na kitita cha sare za shule begani. Walitembea wakiongea, au tuseme mdogo mtu ndiye aliyeongea. Popo alishika fimbo yake na kujiweka kushoto ili mdogo wake abaki kulia. Alikuwa amefanya hivyo wiki nzima.

Penye kuvuka, mdogo mtu alisimama kufunga kamba ya kitita iliyolegea. Popo akasikiliza. Barabara ilikuwa kimya. Akashuka.

Alichohisi kwanza ni upepo. Kisha mkono ulimnasa ukosi wa blauzi na kumvuta nyuma kwa nguvu, blauzi ikachanika, fimbo ikamtoka na kuvunjika chini ya tairi kwa mlio mkavu. Pikipiki ilipita, dereva akitukana hadi mbali. Sare za shule zilikuwa zimetapakaa barabarani.

"Una wazimu?" Mdogo wake alikuwa bado amemshika ukosi. "Imepiga honi! Imepiga honi tangu kule kwenye duka la dawa! Wewe, Popo, hukusikia honi?"

"Imetokea upande gani?"

"Kushoto! Ingetokea wapi?"

Popo akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara. Mdogo wake aliacha sare zikanyagwe. Akachuchumaa mbele yake, na baada ya muda akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Dada. Kwa nini wiki nzima unanigeuzia shavu la kulia?"

Basi akamwambia. Yote, kuanzia mkonga wa simu hadi sponji. Alitarajia kilio. Alichopata ni hasira.

"Hatua arobaini! Watu wanalala njiani siku mbili kuifuata kliniki hiyo, wewe umekaa nayo ukanda mmoja unajidanganya kwa mafua? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama alitufundisha nini? Mficha maradhi..."

"Naijua hiyo methali."

"Unaijua, lakini ulikuwa unangoja ikuumbue!"

Kisha ndipo akalia, huku akiokota sare moja moja na kuzikung'uta vumbi kwa vishindo, kama anayezichapa.

*

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mwenye mikono baridi. Asubuhi ya Ijumaa alimchungulia Popo kila tundu, akamgongea kichwani chuma chenye umbo la uma kinachovuma, akamfungia kwenye kijumba kisicho na sauti na kumtaka ainue kidole kila anaposikia mlio. Kwa sikio la kushoto kidole kilikaa pajani muda mrefu mno.

"Nitakwambia bila kuzungusha," daktari alisema walipotoka. "Mshipa wa kusikia umeshtuka. Sababu mara nyingi hatuipati. Nakupa vidonge vya siku kumi, na sindano ndani ya sikio kesho na Jumatano. Kati ya watu watatu, mmoja hupona, mmoja hupona nusu, mmoja habadiliki. Ungekuja Jumatatu ningekuwa na matumaini zaidi."

"Na la kulia?"

Mdogo wake akamshika mkono.

"Mara nyingi sana ugonjwa huu hauvuki. Siwezi kukuapia, binti yangu. Ila nimelipima, ni zima kabisa. Tutalipima kila baada ya miezi mitatu."

"Naweza kucheza?"

"Mchezo hautaliua sikio wala hautalifufua. Lakini usipigwe kichwani. Na barabarani, kwa sasa, usivuke peke yako."

Hilo la mwisho lilimuuma kuliko sindano yoyote.

Jioni ile aliwakusanya wenzake kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, lakini yalimkimbia. Akasema tu, "Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu Jumatatu. Nimewadanganya."

Kinanda aliacha kuimba katikati ya neno.

Mama Pacha ndiye aliyesema kwanza, taratibu, jambo ambalo kwake lilikuwa baya kuliko kelele. "Siku tano. Nimejitupa kulia kwa sababu umeita kulia. Nimerudi nyumbani nikamwambia mume wangu nimezeeka, mwili haunisikilizi. Nikataka kuacha mchezo, Popo. Kumbe wewe unajua."

"Nisamehe."

"Sitaki kukusamehe leo." Akaondoka, na mlango ukagongwa kwa kishindo ambacho hata sikio bovu lingekihisi.

Mwalimu aliufunga mlango vizuri. Kisha akasema, "Kati hutacheza. Hilo lielewe. Kinanda atacheza kati."

"Mimi?" Kinanda alishtuka.

"Wewe. Na Popo atakaa benchi, kushoto nitamweka wa akiba."

"Mwalimu," Popo alisema, "niweke kushoto."

"Upande usiosikia?"

"Ndiyo. Nikiwa kushoto kabisa, ng'ambo ya sikio bovu ni mstari wa pembeni tu. Mpira hautokei nje ya uwanja. Kila kinachokuja kitatokea mbele yangu au kulia. Nipime siku tatu. Nikishindwa nitakaa benchi na nitakubebea maji."

Mwalimu alicheka kidogo puani, kicheko kisicho na furaha. "Siku tatu," alisema.

Zilikuwa siku tatu ngumu. Kinanda aliogopa nafasi ya kati na aliita kwa sauti ya kuomba radhi. Mama Pacha alikuja mazoezini, akacheza, akaondoka, bila kumsemesha Popo zaidi ya "peleka" na "acha." Lakini mipira ya kushoto ilipungua kuingia: siku ya kwanza sita, ya pili minne, ya tatu mmoja. Mwalimu hakumsifu. Alimtupia tu jezi yake kifuani.

*

Ukumbi wa fainali ulijaa. Popo aliusikia ujazo huo kwa njia mpya, wote umerundikana kulia, kana kwamba kushoto kwake dunia imekatwa kwa kisu. Mwamuzi akapiga filimbi. "Kimya, tafadhali." Watu mia nne wakashika pumzi. "Cheza."

Wapinzani walikuwa mabingwa wa miaka miwili. Mchezaji wao wa kati alirusha mpira laini, unaoteleza bila kudunda, kengele zake zikinong'ona. Miwili ya kwanza iliingia katikati, kwa Kinanda. Mama Pacha akarudisha bao moja, akarudisha la pili. Mapumziko yalifika mawili kwa mawili. Kipindi cha pili Kinanda akaanza kuita kwa sauti yake halisi, kali na fupi, na Popo akazuia minne mfululizo kwa ubavu, kwa mapaja, mmoja kwa vidole vya miguu. Walipofikia matano kwa manne, wao wakiwa mbele, saa ilikuwa imebaki sekunde hamsini.

Mpira ulikuwa mikononi mwa Popo. Alihisi uzi wa mstari chini ya soli, akapiga hatua tatu, akarusha. Akaurusha kwa pupa. Ulimtoka juu mno, na hata yeye alijua kabla haujagusa chini.

Filimbi.

"Mpira wa juu. Penalti. Namba nne."

Kwenye mchezo huu aliyekosa ndiye anayelipa. Wenzake hutolewa nje, na yeye hubaki peke yake kulinda mita zote tisa. Popo alisikia nyayo za Kinanda zikienda. Nyayo za Mama Pacha zikasimama karibu naye, kulia.

"Popo."

"Eeh."

"Usibahatishe," Mama Pacha alisema haraka, mwamuzi akiwa tayari anamsogeza. "Sikiliza hicho ulichonacho."

Akabaki peke yake. Akatambaa akitafuta uzi wa katikati, akaupata. Akisimama hapa, nusu ya goli ni giza. Akasogea hatua moja na nusu kuelekea kushoto. Akapiga magoti. Jasho lilimwingia chini ya kitambaa cha macho. Mbao za ukumbi huu zilikuwa ngeni, nene, zimepigwa msumari kwenye saruji, zisingemwambia kitu.

"Kimya, tafadhali."

Mahali fulani mtoto mchanga alianza kulia na kubebwa nje. Mwamuzi akasubiri mlango ufungwe.

"Cheza."

Hatua za mrushaji: moja, mbili, tatu. Kisha hakuna kitu. Mpira umetoka, alijua umetoka, ila ule ulikuwa mpira laini kuliko yote, kengele zake zikiwa kama funguo mfukoni mwa mtu anayetembea mbali. Damu ilimpigia ngoma sikioni. Mwili wote ulitaka kwenda kulia, kwa kuwa kidogo alichosikia kilitokea kulia, kama kila kitu kilivyotokea kulia kwa siku kumi na mbili.

Hapo akafikiri, kwa muda ambao hauwezi kupimwa. Ungekuwa kulia ungenipigia kengele usoni. Huu umefunikwa. Kichwa changu mwenyewe ndicho kinachoufunika.

Akajitupa kushoto.

Kwa nusu sekunde alikuwa hewani bila ushahidi wowote. Kisha mpira ukampiga kwenye viganja, ukampanda mkononi, ukaruka begani na kuangukia nyuma yake. Aliusikia sasa, wazi kabisa, ukiviringika taratibu kuelekea mstari. Akageuka kama samaki, akarusha mguu, kisigino kikaugusa. Ukasimama. Aliulalia kwa tumbo lote na hakuuachia mpaka mwamuzi alipomgusa mgongoni mara tatu.

Ukumbi ulilipuka. Mwamuzi alipiga filimbi mara nne kabla hawajanyamaza, maana zilibaki sekunde thelathini na nane na mchezo ulikuwa haujaisha. Wapinzani walirusha mara mbili zaidi. Wa kwanza ulikwenda kwa Kinanda, akaushika. Wa pili Mama Pacha aliuzuia kwa kifua, akaukumbatia, akakaa nao huku saa ikihesabu, akitukana kwa kunong'ona hadi filimbi ya mwisho.

*

Wiki mbili baadaye, daktari alimfungia tena kwenye kijumba kile. Kidole cha Popo kiliinuka mara kadhaa kwa upande wa kushoto, halafu kikatulia, kikatulia moja kwa moja.

"Sauti nene zimerudi," daktari alisema. "Gari kubwa utalisikia, mlango utausikia, mwanamume akiongea utamsikia. Nyembamba zimekwenda. Honi ya pikipiki, ndege, kengele. Hizo sidhani kama zitarudi. La kulia halijaguswa."

Popo alikaa kidogo na habari hiyo. Aliishika pande zote, kama mtu aliyepewa kitu gizani, akatafuta pale penye makali. Palikuwepo. Lakini aliona anaweza kukibeba.

Ukandani walikuwa wamekaa kwenye benchi: mdogo wake, Kinanda, na Mama Pacha aliyekuwa amefunga meza yake sokoni mchana kutwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa harusi.

"Nimepona nusu," Popo alisema kabla hawajauliza. "Kengele upande huu ndio basi. Nawaambia leoleo, siku ya kwanza."

Kinanda alivuta pumzi kama anayetaka kulia. Mama Pacha akainuka, mifupa ya magoti ikilia, akaja kusimama mbele yake.

"Mimi sauti yangu nene au nyembamba?"

"Yako?" Popo akafikiri. "Yako hata kiziwi anaisikia."

"Afadhali. Maana nina maneno mengi ya siku tano zile, na sijamaliza." Akampitishia mkono kwapani, akamgeuza kuelekea mlangoni, yeye mwenyewe akiwa upande wa kushoto. "Twende. Nitakwambia njiani."